Lugha ya Kompyuta Niliyoichagua kwa Hasira

Watu wakiniuliza kwa nini nilijifunza kuandika programu za kompyuta katika umri ambao wenzangu wanafikiria kustaafu mapema na kufuga kuku, huwa nawajibu kwamba nilitaka kujiendeleza. Ni jibu la heshima, na si la kweli. Nilijifunza ili nimwangushe mtu mmoja. Hata lugha niliyoanza nayo niliichagua kwa kumtazama yeye, kama mtu anayechagua fimbo kwa kupima upana wa mgongo.

Mtu huyo alikuwa mratibu wa mradi wetu wa chanjo ya mifugo. Ofisi ilikuwa Karatu mjini, lakini kazi yote ilikuwa ng'ambo ya kreta, katika vijiji vya wafugaji kuanzia Ngorongoro hadi Arash na Ololosokwan. Tulisoma chuo kimoja, darasa moja. Baadaye yeye aliendelea na masomo ya kompyuta, akarudi akiwa mkubwa wangu. Mimi nilibaki na sindano. Kwa hilo sikuwa na kinyongo. Nilizaliwa Oldeani, katika nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, na kazi iliyonitoa kwenye mistari ya mibuni ya watu wengine na kunipeleka kwenye uwanda wazi, nikiitwa daktari na kila mtu ingawa si daktari, ilinitosha kabisa. Kinyongo kilianza siku alipotuletea programu yake ya simu.

Kabla ya hapo tulifanya kazi kwa utaratibu ambao hakuna aliyetufundisha chuoni. Wafugaji wengi wa kule hawataji idadi ya ng'ombe wao, kama ambavyo hawapendi kutaja idadi ya watoto. Kumhesabia mtu mifugo yake mbele ya macho yake ni kuikaribishia balaa. Na siku hizi, kwa kuwa wanahesabiwa na watu wengi kwa sababu nyingi, kuna wasiwasi mpya juu ya ule wa zamani. Kwa hiyo hatukuuliza. Tulifika bomani mapema, kabla mifugo haijatoka kwenda malishoni, tukasalimia, tukanywa chai ya maziwa, kisha tukaomba tuletewe ng'ombe wa nyumba moja baada ya nyingine, kwa maana kila mke ana ng'ombe wake anaowakamua. Kila aliyechanjwa alivalishwa hereni ya plastiki sikioni. Hesabu tuliifanya garini, tukiwa tumeshaaga na kuondoka: hereni tulizotoka nazo, tukatoa zilizobaki. Hakuna aliyehesabiwa chochote mbele yake, na hesabu ilikuwa sahihi.

Programu ya mratibu ilianza na swali la idadi. Usipoweka tarakimu hapo, maswali mengine hayakufunguka, na kazi yako ya siku nzima haikuhifadhiwa. Nilimweleza tatizo hilo katika kikao, kwa upole, nikidhani namsaidia.

"Dada yangu, kompyuta haina kabila," akasema. "Wewe uliza tu. Ng'ombe si mpenzi wa siri, kwamba utaona aibu kumtaja."

Watu walicheka. Ili kutuonyesha jinsi ya kuuliza, akapanda gari langu twende naye Arash. Katika boma la kwanza tulimkuta mama mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi, ameshika kibuyu cha maziwa. Mratibu alisimama mbele yake na simu mkononi, hata chai hajanywa, akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Mama yule akanigeukia mimi.

"Daktari, huyu ni nani?"

"Ni mkubwa wangu, yeyo," nikamjibu, nikitumia neno la Kimaasai la kumwita mama, kwa lafudhi yangu ya Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwetu, ambayo siku zote humchekesha.

"Anataka kununua?"

"Hapana. Anataka kujua tu."

"Basi mwambie wapo."

"Wapo wangapi?" mratibu akadakia.

"Wapo wote," akasema mama, akaingia ndani na kibuyu chake.

Mratibu aliandika tarakimu aliyoibuni palepale, programu ikafunguka, akanionyesha kioo cha simu kwa ushindi. "Umeona? Weka chochote, twende."

Sikuweka chochote. Tarakimu hizo ndizo zilizotumika kukadiria chanjo ya msimu uliofuata, na anayebuni tarakimu ndogo leo atawaacha ndama wa watu bila chanjo kesho. Wenzangu waliweka, kwa kuwa walitaka amani. Mimi nilichanja, nikavalisha hereni, nikaandika taarifa zangu kwa mkono kama zamani, na katika programu yake, ukiondoa boma lile moja, vijiji vyangu vikabaki vitupu. Msimu ulipokwisha aliitisha kikao, akaonyesha ukutani, kwa projekta, ramani ya eneo letu. Maeneo ya wengine yalikuwa na rangi ya kijani. La kwangu lilikuwa jeupe. "Huku," akasema, akilipitishia kijiti chake, "hakuna kazi iliyofanyika." Alisema hivyo mtu ambaye viatu vyake vilikuwa vimekanyaga samadi ya bomani pamoja na vyangu.

Nikahamishiwa stoo, kutunza majokofu ya chanjo na kugawa hereni kwa wale waliokwenda vijijini. "Utapumzika, mama," akaniambia mlangoni. Kutoka dada hadi mama, kwa kikao kimoja.

Tangu siku ile nilitaka vitu viwili tu: kurudi kwa wafugaji, na kuyaona maneno yale, hakuna kazi iliyofanyika, yakimezwa mbele ya watu walewale walioyasikia. Barua za malalamiko sikuziamini. Nilijua kwamba nguvu yake yote ilitokana na kitu kimoja, nacho ni kwamba ofisi nzima hakuna mwingine aliyejua kuandika programu. Nikaamua kumnyang'anya kitu hicho.

Anayeanza hukutana kwanza na swali la lugha, na kila mtu ana jibu. Mdogo wangu, mwalimu wa hisabati Arusha, aliniambia nianze na Python. "Inasomeka kama sentensi, dada. Haitishi." Fundi simu mmoja wa hapa Karatu, mwenye duka linalotazamana na barabara ya magari ya watalii, aliniuliza swali la busara zaidi.

"Mama, unataka lugha ya kula au ya kuringia?"

"Ya kulipiza kisasi."

"Hiyo sina," akasema bila kuondoa macho kwenye simu aliyokuwa akiifungua. "Lakini vuta kiti, kahawa ipo."

Kisha nilifanya jambo ambalo hadi leo silielewi vizuri: nilimuuliza mratibu mwenyewe. Labda nilitaka kumpa nafasi ya mwisho ya kuwa muungwana. Alinisikiliza kwa makini, akakunja uso kama daktari anayeandika dawa. "Anza na C," akasema. "Ndiyo mama wa lugha zote. Ukiiweza hiyo, nyingine zote ni watoto."

Nilianza na C. Kwa majuma kadhaa, saa za mchana, katikati ya majokofu yanayonguruma, nilipambana na lugha inayokutaka upange mwenyewe hata mahali pa kuhifadhi kila kitu ndani ya mashine, kabla hujaruhusiwa kuandika jambo lolote lenye maana kwa mtu wa mifugo. Ni lugha nzuri, nasikia, kwa wanaoihitaji. Mimi nilianza kuamini kwamba akili yangu imezeeka. Siku moja, dirisha la stoo likiwa wazi, nilimsikia mratibu akizungumza na mhasibu kivulini nje.

"Yule mama bado anasoma?"

"Anasoma. Nimempa C. Nimempa dawa ya usingizi."

Walicheka, si kwa sauti kubwa. Nikafunga dirisha polepole, nikafuta kila nilichokuwa nimeandika, na siku hiyohiyo nikachagua lugha yangu ya kwanza.

Nilichagua JavaScript. Sababu ya kwanza, na naitaja ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza, ni kwamba programu yake iliandikwa kwa lugha hiyo. Nilitaka kuijua lugha ambayo ndani yake nilidhalilishwa. Sababu ya pili niliiona baadaye: simu yoyote inayoweza kufungua kurasa za intaneti tayari inaielewa, hata zile simu za bei rahisi walizobeba wenzangu, na ukurasa ukishahifadhiwa ndani ya simu hufanya kazi hata Arash kusiko na mtandao. Mdogo wangu alisikitika. Aliniambia lugha hii ina vituko vyake, na kwamba nitajifunza tabia mbaya. Nikamwambia tabia mbaya ninayo tayari, ninatafuta mahali pa kuitumia.

Sitajidai kwamba ilikuwa rahisi. Nilisahau mabano, nikakosea herufi kubwa na ndogo, nikatengeneza vitufe ambavyo vikibonyezwa havifanyi lolote. Lakini wanaoanza wengi huacha kwa sababu hawajui wanataka kutengeneza nini, na mimi nilijua hadi rangi ya kitufe cha mwisho. Kila nilipokwama nilikumbuka kicheko kile cha kivulini, na mikono ikarudi kazini yenyewe. Ukurasa wangu uliuliza kwanza boma ni la nani. Halafu nyumba ya nani ndani ya boma. Halafu rangi za ng'ombe walioletwa, kwa maneno ya wenye ng'ombe wenyewe. Idadi haikuulizwa popote. Mwisho, mtu akiwa garini ameshaaga, aliulizwa hereni ngapi zimebaki, na hesabu ikajifanya yenyewe.

Niliwapa wenzangu wawili waujaribu msimu uliofuata, bila kelele. Waliniambia chai ya maziwa imerudi kuwa tamu.

Kikao cha mwaka kilipofika, mkurugenzi alitoka Arusha, na wawakilishi wa wafugaji walikaribishwa. Yule mama wa Arash alikuwa mmoja wao. Niliomba nafasi ya kuonyesha ukurasa wangu. Nilipomaliza, nilimwomba mratibu afungue kumbukumbu za programu yake, kwenye boma lile tulilokwenda pamoja. Alifungua, angekataaje mbele ya mkurugenzi? Tarakimu ikatokea ukutani. Sikuisoma kwa sauti, kwa heshima ya mwenye boma. Niliielekezea kidole tu.

"Hii umeipata wapi, mratibu?"

"Iko kwenye mfumo."

"Nani aliiingiza kwenye mfumo?"

Aliyeketi karibu na mama wa Arash alimnong'oneza kwa Kimaasai kwamba ile ndiyo idadi ya ng'ombe wake, naye akaikazia macho tarakimu ile kama mtu anayetazama nguo yake ikiwa imevaliwa na mgeni.

"Mimi nilimwambia wapo wote," akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. "Kumbe mjini 'wote' huandikwa hivi."

Safari hii walicheka kwa sauti kubwa, mhasibu akiwemo. Mimi nilikuwa namtazama mratibu, na sikutaka kupitwa na chochote.

Jioni alikuja stoo. Hakuketi. Aliniambia kwamba mkataba wake unaangaliwa upya, kwamba ana watoto shuleni, na kwamba ingefaa tuseme ukurasa ule tuliutengeneza pamoja. Tuandike majina yote mawili.

"Hujaandika hata mstari mmoja," nikamwambia.

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Una roho ngumu. Sikukujua hivyo chuoni."

"Chuoni ulikuwa hujanifanyia kitu."

Mkurugenzi naye aliniuliza, kwa faragha, kama ningeweza kuendelea kufanya kazi na mratibu iwapo angeshushwa cheo. Alikuwa ananipa nafasi ya kuwa mkarimu, na nilijua jibu langu lingekuwa na uzito. Nikasema siwezi. Sikuongeza maelezo, wala sikuyapunguza makali kwa kumsifia bidii yake. Watu wa dini wameniambia kwamba kisasi humwacha mtu mtupu. Nimejikagua mara nyingi, kwa nia njema kabisa, na utupu huo sijauona bado.

Mkataba wa mratibu haukuongezwa, na siku ya kumuaga ofisi ilipika pilau. Wenzangu walidhani sitafika. Nilifika mapema, nikakaa mahali ambapo angeniona, nikasikiliza hotuba zote, nikala, nikaongeza sahani. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kupakia majokofu madogo na maboksi ya hereni kwenye gari, kwa kuwa alfajiri yake nilikuwa na safari ya Arash.