Mama Mukwe Asiye na Wema

Niliandika muchezo wa kanisa letu hapa Kalemie. Ndani yake mulikuwa mama mukwe mukali, lakini kila asubuhi alimuanikia jirani mugonjwa ndagala zake, samaki wadogo wa ziwa. Kiongozi wa kikundi chetu cha muchezo alikifuta kipande hicho: «Mubaya abaki mubaya!»

Tulicheza Jumapili. Kesho yake sokoni hakuna aliyenunua ndagala za mama aliyecheza nafasi ile, walimuita muchawi. Kiongozi mwenyewe alimupita kwa mbali, akifanya ishara ya musalaba.

Nilimuambia, «Papa, muchawi huyo umemutengeneza wewe.» Alicheka tu.

Sasa, bila haya, anataka muchezo mwingine. Nimeuandika. Mubaya wake ni kiongozi wa kikundi cha kanisa, na wema wake wote nimemuachia, ili watu wamutambue upesi.