Wanataka Nitubu Ulevi, na Kosa ni Mafuta ya Kupikia Kwenye Breki

Mhariri, nakuomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana huku Nunguni gazeti moja linasomwa na watu ishirini kabla ya kufungia nyama. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nilizaliwa mwaka ule wa uhuru. Sijaoa, naishi na mama yangu mjane. Kazi yangu ni kuendesha pikapu ya kanisa. Nimeandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnisamehe nikiropoka.

Milima ya huku inakula breki. Majuzi padi za breki za mbele ziliisha nikazibadilisha mwenyewe. Nilipiga jeki, nikatoa magurudumu, nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikarudisha pistoni pole pole, nikaweka padi mpya. Zilishika vizuri sana. Shida ilikuwa moja tu: zilikuwa padi ngumu, na kila nikikanyaga breki zinapiga kelele. Kelele hiyo haidhuru mtu.

Lakini mwenyekiti wa wazee wa kanisa ilimdhuru. Jumapili moja tulikuwa na wageni, nikaingia uwanjani wakati wa maombi, gari likalia, watoto wakacheka. Baada ya ibada mzee alinijia mbele ya watu.

"Hii gari ya Mungu inalia kama nguruwe mbele ya wageni! Wewe ni dereva ama ni nini?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba ni padi mpya, zitanyamaza zikizoea, na fundi akitaka anaweza kupaka grisi kidogo sana mgongoni mwa padi, upande usiogusa diski. Kamwe si usoni. Nilirudia mara mbili. Mzee yule, kwa kiburi chake, alisikia neno moja tu, grisi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nawapeleka akina mama wa kwaya Matiliku, mama yangu akiwa mmoja wao. Kwenye mteremko wa pili nilikanyaga breki. Gari halikulia. Halikusimama pia. Nilikuwa nimekanyaga kwa nguvu zangu zote na gari linateleza tu, breki za nyuma peke yake ndizo zinajaribu. Nikaingiza gia ya chini, nikavuta hendibreki, nikaligonga kwenye ukingo wa mtaro wa shamba la mtu. Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa, lakini mama mmoja wa kwaya alivunjika mkono. Nilitetemeka hata kuongea nikashindwa.

Gari lilipovutwa nilitoa gurudumu. Diski ilikuwa inang'aa mafuta. Nikanusa. Yalikuwa yananuka vitunguu. Ndugu zangu, hayo yalikuwa mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha nyumbani kwetu!

Nilimuuliza mama jioni hiyo hiyo, naye akaanza kulia kabla sijamaliza swali.

"Mzee aliniambia kijana wangu anamwaibisha na hata njia ya kunyamazisha gari anaijua lakini ni mvivu. Akaniambia nimwage mafuta kwa hiyo mashimo ya rimu, itanyamaza kama bawaba ya mlango. Mimi nilitaka wakuheshimu, mtoto wangu."

Nilienda kwa mzee asubuhi. Mnajua alisema nini? Alinitazama machoni akaniuliza, "Nani alinisikia nikisema hiyo maneno?" Nikamwambia ni mama yangu. Akasema, "Basi ni mama yako alimwaga. Ukileta hiyo story kanisani, yeye ndiye atatengwa kwanza. Fikiria."

Sasa wazee wamekaa, yeye akiwa kwenye kiti, wakaamua kwamba siku ile nilikuwa nimekunywa pombe ya kaluvu. Eti ndiyo maana nilikuwa natetemeka na ulimi umekuwa mzito! Mimi, ambaye pombe sijawahi kuonja hata kwenye sherehe ya mahari! Natakiwa nisimame mbele ya ushirika Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, niseme kwa kinywa changu kwamba nililewa, kisha nikae benchi la nyuma miezi sita bila kushiriki meza ya Bwana. Nikikataa, natengwa kabisa. Nani atampa funguo za gari dereva aliyetangaza ulevi wake mwenyewe, kutoka hapa hadi Kanyangi?

Kinachonichoma zaidi ni mama. Anaumwa kifua tangu mwaka jana, na huku kwetu aliyetengwa akifa, mchungaji haji na kwaya haiimbi, familia inajizikia yenyewe. Ameimba kwenye kwaya ile tangu kabla sijazaliwa. Kila usiku ananibembeleza: "Kubali tu. Wewe ni mwanaume, miezi sita itaisha. Mimi nikitengwa saa hii, nitazikwa na nani?" Nampenda, na wakati mwingine nikimwangalia nasikia hasira mpaka natoka nje ya nyumba. Halafu naona aibu.

Na mzee yule bado anafungua ibada kwa maombi. Jumapili iliyopita aliniombea kwa jina, ili Bwana anitoe kwenye chupa. Watu wakasema amina. Mama yangu pia alisema amina, nilimsikia.

Enyi wasomaji, hasa mnaojua mambo ya kanisa, niambieni bila kunionea huruma. Siku ile nikiitwa mbele, mama yangu akiwa amekaa pale kwenye kwaya ananitazama, nifungue mdomo niseme nini?