Nilimpiga mke wangu kwa ajili ya pumba za mpunga

Kosa ni langu, msinipoze. Nilimpiga mke wangu hadi akazimia, kisa pumba za mpunga.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nasoma kemia Stockholm. Tuliishi Vårby gård, mimi, Mama Neema na binti yetu wa miaka saba. Utafiti wangu ulikuwa kutoa silika kwenye pumba, ule unga mweupe unaotiwa hata kwenye matairi. Ukizichoma pumba hivi hivi, silika inatoka chafu. Lazima kwanza uziloweke kwenye asidi, madini mengine yatoke, uzisuuze, ndipo uzichome.

Maabara nilikuwa napewa zamu chache, nikaona nacheleweshwa. Nikaiba chupa ya asidi, nikaziloweka pumba za mwisho nilizoletewa kutoka Kyela. Ndoo nikaiweka bafuni kwetu.

"Baba Neema, mtoto anakohoa," mke wangu akasema. "Itoe hiyo ndoo."

"Iguse uone."

Kesho yake nikarudi, nikakuta ndoo tupu na madirisha yote wazi, nyumba imejaa baridi.

"Nimeimwaga," akasema. "Mwanangu kwanza..."

Sikumwacha amalize. Kofi la kwanza lilimwangusha. Nikamwinua kwa nywele, nikambamiza uso kwenye sinki, nikasikia jino likidondoka kwenye vigae. Akanishika miguu kuniomba nimwache. Nikampiga teke la mbavu, na la pili. Akanyamaza, na mimi bado namuuliza pumba zangu ziko wapi.

Neema alikuwa kwenye korido na simu. "Pappa slår mamma," alisema. Baba anampiga mama.

Polisi walinitoa kwa pingu. Nilifungwa, na chuo kilipojua habari za asidi kikanifukuza. Mama Neema alihamia Spånga na mtoto. Jicho lake la kushoto halioni vizuri mpaka leo.

Nilipotoka gerezani, Neema nilikuwa naonyeshwa ofisini kwa watu wa ustawi wa jamii, mama mmoja amekaa pembeni anatuangalia. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Siku moja nikamwomba msamaha. Akaniambia nikamwombe mama. Nikasema mama hataki kuniona.

"Basi," akasema, akaendelea kuchora.

Wanaume wenzangu, msiniambie shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu, na mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Ukiona mkono unanyanyuka nyumbani kwako, toka nje, utafute mtu umwambie leo hii. Mimi sikutoka.