Ua Chini ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa Klabu hakunionyesha pampu wala dawa. Alichukua kisahani cheupe cha chai, chenye ua jekundu katikati, akakiachilia kwenye kina kirefu cha bwawa la kuogelea. Tukakitazama kikishuka polepole mpaka kikatulia chini.

"Kijana, hiyo ndiyo bosi wako," akasema. "Siku huoni hiyo maua, hakuna mtu anaingia. Hata mimi."

Ilikuwa miaka ya tisini, Kericho, kwenye klabu iliyozungukwa na mashamba ya chai pande zote. Nyinyi vijana mnadhani klorini inatosha. Klorini huua vijidudu tu. Maji yakiwa na ukungu, shida ni vumbi laini mno linalopenya hata mchanga wa chujio. Hapo unatia klarifaya, dawa inayofanya vumbi hilo lishikane liwe mabonge, chujio liyanase. Unatia kidogo, unaacha pampu izungushe maji, unangoja. Ukizidisha, maji yanaharibika zaidi. Mimi nilipenda huko kungoja. Pampu ilinguruma kwa sauti ya chini, mvua ya alasiri ikapita juu ya chai, nami nikasahau kama niko macho au naota.

Mama yangu aliishi Boito. Alipokuwa msichana, mto uliojaa tope ulimchukua dada yake, yeye akiona. Tangu hapo hakuingia maji asiyoona chini yake. Kanisa lake nalo lilibatiza kwa kuzamisha, mtoni. Kila mara alifika ukingoni na kitambaa chake cheupe, akayatazama yale maji ya kahawia, akarudi nyumbani mkavu. Alikuwa amezeeka, na aliogopa kufa hajabatizwa. Jambo hilo liliniuma sana.

Nikamwomba Katibu bwawa ili Mama abatizwe humo. Akakubali, Jumapili asubuhi, kabla wanachama hawajafika.

Jumamosi akina mama wa kanisa walikuja kuona mahali, nami nikaenda stoo kidogo. Niliporudi nilikuta wameshayabariki maji kama walivyofunzwa na mama zao, kwa maziwa, vibuyu vizima vizima. Nyuso zao ziling'aa kwa furaha. Kisahani hakikuonekana tena.

Katibu alikuja akashika kiuno. "Hii ni bwawa ama ni chai ya maziwa?"

"Bosi, nimwage dawa yote?" Nilikuwa karibu kulia.

"Wacha mbio. Weka kidogo, washa pampu, enda nyumbani. Hiyo dawa haitaki mtu wa kuisumbua."

Nikatii, ingawa mkono uliniwasha kuongeza.

Asubuhi nilikuta ukungu umelala juu ya bwawa, hata maji yenyewe siyaoni. Waumini waliimba taratibu. Mchungaji alikuwa ameshaingia bila kuningoja, maji kiunoni, amenyoosha mkono. Mama alisimama ukingoni, vidole vya miguu vimejikunja, hasogei. Nilijua akigeuka safari hii hatarudi tena. Jua likachomoza juu ya chai, ukungu ukaanza kuinuka polepole, kwanza ngazini, kisha katikati, kisha upande wa kina kirefu.

"Weri," akaniita, kama mama wa Kikipsigis anavyomwita mwanawe wa kiume. "Nani ameacha sahani huko chini?"

Akashuka ngazi macho yakiwa kwenye lile ua, akampa mchungaji mkono, na maji yakamfunika.

Nilipoacha kazi pale klabuni waliniuliza nataka ukumbusho gani, nikaomba kisahani. Mama alikinywea chai mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa akimimina chai ya maziwa, ua linapotea, anapuliza, anakunywa kidogo kidogo. Likionekana tena, ananitazama na kutabasamu.

"Weri," ananiambia, "naona chini."