Gari Dogo, Mama Mkwe Mbele

Watu wengi hununua gari kwa macho. Wengine hununua kwa sikio, huinama juu ya injini na kutikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa mahututi. Ngowa wa Kakuyuni alilitafuta lake kwa futikamba, ile ya fundi cherehani, na alichokuwa akipima ni nafasi iliyopo kati ya kiti cha dereva na kiti cha pembeni yake.

Gitau, mwenye yadi ya magari pale Malindi, alimtazama akitoka gari hili na kuingia lile, akipima na kuguna, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, unanunua gari ama kitanda?"

"Nanunua gari," Ngowa akajibu, akakunja futikamba yake, asiongeze neno. Angeongeza nini? Kuna mambo mtu hamwelezi mgeni, hata mgeni mwema, kwa sababu ukianza kuyaeleza yanaanza kuonekana ya kipuuzi, na wala si ya kipuuzi.

Ngowa ni fundi wa mitambo ya baridi katika ghala la maembe mjini Kilifi. Nyumba yake iko Kakuyuni, na miaka yote ya kazi amekwenda na kurudi kwa mabasi, akibadilisha Malindi asubuhi na akibadilisha tena jioni. Hakulalamika. Wenzake kazini waliposikia anatafuta gari walidhani uzee umemfikia, anataka kukaa vizuri. Wakamshauri kila mmoja la kwake. Huyu alisema achukue Probox, abebe na magunia. Yule alisema achukue gari la juu, kwani kutoka lami hadi kwake ni mchanga na visiki. Ngowa aliwasikiliza wote, maana ni mtu wa adabu, lakini sababu ya gari hakuwaambia.

Sababu ilikuwa Mama Dena, mama mzazi wa mkewe Linet. Mwanzoni mwa mwaka kiharusi kilimwangusha akiwa jikoni kwake, hapo hapo Kakuyuni, anakoishi na mwanawe Dena. Roho ilipona, ulimi ukapona, ila mguu wa kulia ukawa mzito na mkono wa kulia ukalala kabisa, vidole wazi, havishiki hata kijiko. Akaandikiwa mazoezi ya viungo kwenye kituo kimoja kidogo kule Kibarani, Kilifi, mara mbili kwa wiki. Mke wa Dena alimpeleka kwa basi. Mama wa watu alirudi hoi kuliko alivyokwenda, mguu umevimba kwa kukunjwa, na baada ya safari chache akasema hatoki tena, Mungu akipenda mkono utaamka wenyewe.

Adhiambo, dada anayefanyisha mazoezi pale kituoni, alimpigia Linet simu. Hakuficha. "Mkono una wakati wake wa kukumbuka kazi," alisema. "Huo wakati ukipita, umepita. Mleteni."

Kwa hivyo lilitakikana gari, na lilitakikana dogo. Ngowa alijua hilo kabla ya kupima chochote. Kutoka Kakuyuni hadi Kilifi na kurudi, kila siku ya Mungu, gari kubwa lingemtia hasarani kwa mafuta, na gari la kuegeshwa uani halimpeleki mgonjwa popote. Alitaka lenye injini ndogo, la kwenda mdogo mdogo. Alishalala chini ya magari ya Gitau akakagua vyuma, kwa sababu gari lililokaa muda mrefu karibu na bahari huliwa na chumvi kwa chini huku juu linang'aa kama bwana harusi. Alishalipata moja jeupe, safi juu na chini. Kilichobaki ni viti.

Sasa hapa lazima niseme habari ya ukwe. Siku hizi wengi wameuacha, nawaona wakiwakumbatia mama wakwe zao kwenye harusi na kupiga picha. Mama Dena hakuuacha. Mkwe kwake hapewi mkono, hakaliwi naye kiti kimoja, hatazamwi usoni. Ngowa akimwamkia shikamoo husimama mbali, na marahaba huitikiwa huku mama anatazama chini. Akiwa na neno naye, hulipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wote wako uani pamoja: "Linet, mwambie Baba Gladys mbuzi wake wameingia shambani." Na Baba Gladys, ndiye Ngowa huyo, anasikia, na anangoja aambiwe.

Ukiwatazama kwa mbali utadhani hawapatani. Lakini mamake Ngowa alipofariki, ni Mama Dena aliyekuja kushika jiko la matanga kutoka siku ya kwanza hadi watu walipotawanyika, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio, bila kumwambia mkwewe hata neno moja. Ngowa hakulisahau jambo lile. Alimpenda mama yule, na heshima ile ndiyo lugha pekee waliyopewa ya kuambiana hivyo.

Basi mguu wa mama hauwezi kukunjwa kiti cha nyuma cha gari dogo. Lazima akae mbele, kiti kisukumwe nyuma, mguu unyooke. Linet anafanya kazi Malindi, atashuka hapo, na kutoka Malindi hadi Kilifi watabaki wawili, mkwe na mkwe, bega kwa bega. Kila futikamba ilipokunjuka ilimpa Ngowa jibu lile lile: nafasi ya breki ya mkono na kiganja kimoja, basi.

"Nitatafuta kubwa," alimwambia Linet jioni ile.

"Utalitia maji ya kisima?" Linet akamuuliza. Halafu akalainisha sauti. "Baba Gladys, Mama akikosa mkono huu, hatapika tena. Hatasuka nywele za Gladys. Mimi siwezi kuacha kazi. Tufanyeje?"

Linet hakungoja jibu. Asubuhi alikwenda kwa mamake, akamweleza mambo yote, pamoja na futikamba.

Jumamosi yake Mama Dena alifika yadini kwa Gitau, fimbo mkono wa kushoto, Linet akimshika upande wa pili. Ngowa alipomwona aliruka nyuma hatua mbili, ikawa nusura amkanyage mwenye yadi. Mama akaliendea lile jeupe, akafunguliwa mlango, akajiingiza polepole, akanyoosha mguu.

"Linet, mwambie Baba Gladys mguu wangu umeingia."

Kisha akaivua leso aliyojifunika mabegani, akaikunja kwa mkono wake mmoja na meno, akailaza katikati ya viti viwili, juu ya breki ya mkono.

"Na umwambie huu ndio ukuta. Kule kwake, huku kwangu. Nyumba ngapi tumeishi zenye ukuta mwembamba kuliko huu?"

Linet alicheka mpaka akafuta machozi. Gitau hakuelewa kitu, ila alielewa kwamba gari limepata mwenyewe, akaenda kuleta funguo.

Safari zikaanza. Mpaka Malindi mambo yalikuwa rahisi, Linet yuko nyuma, maneno yanapita kwake kama kawaida. Akishashuka, hakuna mtu wa tatu. Siku ya kwanza walikwenda mpaka Gede bila neno, Ngowa akikaza macho barabarani. Walipovuka tuta moja kwa kishindo, Mama Dena akasema, akitazama dirishani, "Hili gari lina haraka ya kwenda wapi?"

Ngowa akafikiri. Akauambia usukani, "Gari limekosa. Litapunguza."

Wakaendelea hivyo. Gari likaulizwa kama limekunywa chai. Gari likaambiwa Gladys ana kikohozi, apewe asali. Gari likalaumiwa siku Ngowa alipomfokea mwendesha pikipiki: "Gari hili halikulelewa kutukana watu." Ngowa, ambaye njia hiyo aliipita miaka kwa miaka akisinzia, alianza kuzingojea siku zile mbili za wiki, na aliona haya kujikubalia kwamba anazingojea.

Ila mkono haukuamka. Mguu ulipata nguvu kidogo, mama akaanza kutembea uani bila kushikwa, lakini vidole vililala vile vile. Adhiambo alimpa mpira laini aufinye, Mama Dena akauweka mapajani na kuutazama. "Mimi si mtoto," alisema. Miezi ikapita. Siku moja Adhiambo alimtoa Ngowa nje, akamwambia bila kumtazama sana kwamba pengine waanze kumzoesha mama kazi za mkono wa kushoto. Ngowa alirudi garini na hofu. Haikuwa hofu ya pesa za gari kupotea bure. Akilini alimwona mama yule akilishwa mbele ya wajukuu, na alijua jambo hilo litamuua kabla ya kiharusi cha pili.

Lipo jambo sijalitaja, nalo ni mkanda. Kiti kile cha kushoto, kifungio cha mkanda kilikuwa kimezama pembeni, upande wa breki ya mkono, chini ya ile leso. Kukifunga kulitaka mikono miwili, mmoja ukishike kifungio kisizame, mwingine uchomeke. Asubuhi alikifunga Linet. Kurudi alikifunga Adhiambo. Ngowa kukigusa ilikuwa ni kupitisha mkono nyongani mwa mama mkwe wake, jambo ambalo hata kuliwaza aliona haya.

Siku moja Adhiambo alikuwa likizo. Aliyemshikia zamu alikuwa kijana wa kiume, akamsindikiza mama mpaka mlangoni mwa gari, akaaga, akaenda zake. Wakabaki wakitazama mbele.

"Gari liende tu," mama akasema.

Likaenda. Hawakufika mbali nje ya mji wakasimamishwa na askari wa barabarani, mtu wa makamo, mpole. Akainama dirishani.

"Mama hajafunga mkanda."

"Ndiyo, afande. Mkono wake mgonjwa."

"Basi mfungie."

Ngowa akasema kwa sauti ya chini, "Ni mama mkwe wangu."

Askari akawatazama wote wawili, akaiona na ile leso katikati. Pengine naye kwao wanayo ya kwao. "Pole," akasema. "Lakini sheria haina mkwe. Sitakuandikia kosa. Nasimama hapa, afungwe, muende."

Nyuma magari yalianza kupanga foleni. Mbele kidogo kulikuwa na mwanamke anauza machungwa, na Ngowa akafungua mlango akamwite.

"Hili gari lisimwite mtu," Mama Dena akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Litulie. Litazame kule."

Ngowa akafunga mlango, akageuza uso, akatazama kule: nyasi, ukuta wa matofali, mbuzi wawili. Alisikia mkanda ukivutwa kwa mkono wa kushoto. Alisikia leso ikisukumwa. Akasikia pumzi ya mama, fupi, ya mtu anayenyanyua mzigo, na kifungio kikigonga plastiki na kuzama, kikigonga na kuzama. Honi ikalia nyuma. Askari akainua kiganja kuwatuliza wenye haraka. Ngowa alitamani kulia, maana alijua mkono ule hauwezi, na alijua mama ataendelea mpaka jua lizame kuliko kuguswa.

Kisha kikalia. Sauti ndogo ya chuma kuingia mahali pake.

Alishusha macho kabla hajajizuia. Vile vidole vya kulia, vyote, vilikuwa vimekifumbata kile kifungio, vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe, vinatetemeka, wala haviachii.

"Haya, endeni," askari akasema, akagonga paa.

Ngowa alitia gia, lakini mama hakuwa tayari. Alikuwa akitazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni asiyemtarajia. Akabonyeza, akaufungua mkanda, ukarudi wote begani. Akauvuta tena, vidole vikaanza kukitafuta kifungio upya, polepole.

Magari nyuma yakapiga honi. Ngowa akazima injini, akageuka kutazama mbuzi, akamngoja amalize.