Cheti cha Kukausha Mahindi

Chama cha wauzaji mahindi kimefuta semina za ukumbini Bungoma. Wanachama sasa wanasomea kwenye mtandao. Jumanne nilikuwa saiba moja ya Kitale, duka la intaneti, nikisoma barua pepe, kando ya mama mmoja muuza mahindi kutoka eneo la Kwanza. Bila cheti cha somo hilo, chama kingemnyang'anya kibali cha kuuza.

Kompyuta ikamuuliza: utajuaje mahindi yamekauka? Majibu yalikuwa matatu. Mama akayafuata yote kwa kidole.

“Ya kuuma na meno haiko,” akamwambia dada mwenye saiba.

“Chagua tu moja, mama.”

Mzee wa Tongaren, aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili, akamwinamia. “Mimi nilichagua kipimo cha unyevu.”

“Uko nacho?”

“Sijawahi kukiona, bana.”

“Si basi umedanganya kompyuta?”

“Na imenipa cheti.”

Mama aliweka mkono juu ya mausi, uso kama wa mtu anayeapishwa kortini. Mwishowe akabonyeza kipimo. Kompyuta ikampongeza. Cheti kilipotoka kwenye printa, akauliza, “Sasa mwalimu ako wapi? Nataka anionyeshe hiyo kipimo.”

“Hapa hakuna mwalimu, mama.”

“Ati? Basi nani amenifundisha?”

Dada akatazama skrini, akatazama printa, kisha akanitazama mimi. Nimesinzia katika semina nyingi za ukumbini, lakini sikumbuki hata moja ambapo swali hilo lingekosa jibu.