Bia ya Wimbi Yenye Leseni

Jumamosi mchana nilikwenda Kitale kuonja, kwa ajili ya safu yangu ya gazeti, bia ya wimbi inayosifiwa sana, ile ya kiwanda kidogo karibu na soko. Kando yangu kwenye kaunta aliketi mzee aliyetoka Webuye. Alipiga funda moja, akaiweka glasi chini taratibu.

"Msichana wangu, si hii ni busaa, ile pombe yetu ya kienyeji iliyopigwa marufuku?" akamuuliza mhudumu.

"Hapana, mzee. Hii ni bia ya kisasa. Tuko na leseni," akajibu, akionyesha cheti ukutani.

Mzee alikitazama cheti kile kwa muda mrefu.

"Bibi yangu alikuwa anapika hii hii," akaniambia. "Ndiyo ilisomesha watoto wetu. Polisi wakamwaga yote, akafungwa miezi sita. Alirudi akikohoa. Hakumaliza mwaka."

Mhudumu akamuuliza kama amwongezee.

"Hapana. Ni tamu," mzee alisema, akifuta macho kwa kiganja. "Lakini yake ilikuwa tamu kushinda hii."

Siku hizi wasomaji wakiniuliza bia bora ya huku kwetu ni ipi, nawajibu kwamba sijaionja na sitaionja. Aliyeipika amezikwa Webuye, bila leseni.